Makundi ya nyota "yenye" chuma au "zenye" chuma?

Swali: Katika makala ya elimu ya anga nimekuta "makundi ya nyota yenye chuma kidogo", kisha chini yake "makundi ya nyota zenye chuma kidogo". Mhariri alipitiwa?

Jibu: Huenda hakupitiwa. Zote ni sahihi, ila hazisemi jambo moja. Mzizi -enye huchukua upatanisho wa nomino unayoieleza: "yenye" inarejelea makundi, "zenye" inarejelea nyota. (Wenye tuwaachie nyota wa soka na filamu.) Ukiwa na shaka, geuza sentensi iwe katika umoja: kundi la nyota lenye chuma, kundi la nyota zenye chuma. Tofauti inaonekana papo hapo.

Kisarufi ningeishia hapo, lakini mada yenyewe inadai umakini. Makala ilihusu makundi yenye umbo la tufe, ambayo zaidi ya 150 yanajulikana katika galaksi yetu. Katika mengi, nyota zote zina kiasi cha chuma kinachokaribiana sana, kwa hiyo "kundi lenye chuma kidogo" ni kauli ya haki. Sodiamu na oksijeni ni habari nyingine: ndani ya kundi lilelile, nyota hii ina sodiamu nyingi na oksijeni kidogo, ya jirani ni kinyume chake. Ukiandika "kundi lenye sodiamu nyingi" umezibebesha zote sifa ya baadhi. Andika "kundi lina nyota zenye sodiamu nyingi". Omega Centauri, mojawapo ya makundi hayo, haifuati hata kanuni ya chuma. Nyota zake zinatofautiana waziwazi, na hiyo ni sababu mojawapo ya wanaastronomia wengi kuihesabu kiini cha galaksi ndogo iliyomezwa na yetu.

Unapofika kwenye asili ya makundi, upatanisho unarudi kwa kundi: "makundi ya nyota yaliyotoka nje" (yaani nje ya galaksi yetu), si "zilizotoka", maana kundi huja zima. Kundi la Palomar 12 ni mfano. Magnesi yake ni haba ikilinganishwa na chuma. Magnesi hutokana na nyota kubwa zinazolipuka mapema. Chuma kingi huja baadaye, kutokana na milipuko ya nyota vibete vyeupe (masalia madogo, mazito ya nyota zilizokwisha kuni). Galaksi ndogo huunda nyota polepole, hivyo chuma hicho huwahi kuchanganyika na gesi yake kabla nyota nyingi hazijazaliwa. Uwiano huo, pamoja na mwendo wake, unaihusisha Palomar 12 na galaksi ndogo ya Sagittarius. Hapo "zilizotoka" ingemfanya msomaji adhani ni nyota chache tu zilizohama.