Maswali ya Wasomaji: Ukuta uliolowa na dirisha lisilokaa juu

SWALI: Tumenunua nyumba ya mwaka 1894 hapa Leicester, Uingereza, imeungana na majirani pande zote mbili. Ukuta wa mbele sebuleni umelowa hadi karibu mita moja kutoka sakafuni, rangi inabambuka, chumvi nyeupe inatoka. Fundi kaupima kwa kifaa cha umeme, kasema maji yanapanda kutoka ardhini. Anataka kutoboa ukuta, kuingiza dawa na kupiga lipu ya saruji. Tumkubalie?

JIBU: Bado. Kifaa kile kimeundwa kupimia mbao. Ukutani penye chumvi husoma juu hata kama maji ni machache.

Tokeni nje mkaangalie. Karibu na ardhi kuna mstari wa vibao vya sleti (jiwe jembamba lisilopitisha maji) unaozuia maji kupanda. Ardhi au sakafu ya uani inapaswa kuwa chini ya mstari huo kwa sentimita 15. Mara nyingi zege limemwagwa juu yake miaka iliyopita. Tazameni pia mifereji ya paa, na matundu ya hewa ya chini ya sakafu yasiwe yamezibwa, maana mbao zitaoza.

Kisha angalieni viungo vya matofali. Ukuta wa aina hii ni mmoja, mnene wa sentimita 23 hivi, hauna uwazi katikati. Hunyonya mvua na kukauka kupitia chokaa ya viungo. Vikijazwa saruji, maji hulazimika kutoka kupitia tofali lenyewe; yakiganda kipupwe, uso wa tofali unamomonyoka. Kuta za Mji Mkongwe Zanzibar zimeumizwa na saruji vivyo hivyo, ila huko mharibifu ni chumvi.

Saruji hiyo itolewe kwa tindo jembamba na nyundo. Grainda hukata kingo za matofali, na tofali lililokatwa halirudi. Chimbeni kina mara mbili ya upana wa kiungo, kisipungue sentimita 2, mfagie vumbi, mlowanishe. Changanyeni chokaa ya NHL 3.5 (chokaa asilia inayogandishwa na maji) sehemu moja na mchanga mkali sehemu tatu, maji kidogo tu. Mfuko wa chokaa ya kawaida ya kuchanganyia saruji haufai hapa, hata muuzaji akisema ni ile ile. Shindilieni, kisha funikeni kwa magunia mabichi kwa siku kadhaa. Ikikauka haraka inageuka unga. Chini ya nyuzi 5 msifanye kazi. Vaeni miwani na glavu, chokaa huchoma macho.

Ndani, bandueni lipu iliyolowa na mpige ya chokaa. Msitarajie ukavu wa haraka: hesabuni takriban mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene.

SWALI: Dirisha letu la kupandisha na kushusha la enzi hiyo hiyo linaanguka likifunguliwa. Kamba zimekatika?

JIBU: Kamba, au vizito vinavyoning'inia kwenye kamba ndani ya kasha la pembeni mwa dirisha, vikiibeba fremu. Ng'oeni ubao mwembamba wa ndani, mtoe fremu ya kioo inayoteleza, mfungue kidirisha cha pembeni mwa kasha. Wekeni kamba mpya za pamba zilizotiwa nta, pande zote mbili kwa pamoja. Kama kioo kimebadilishwa kikawa kinene, pimeni fremu kwenye mizani: ya chini, vizito vyake viwili kwa jumla viwe vyepesi kidogo kuliko fremu, ya juu, vizidi kidogo. Msikwangue rangi ya zamani ikiwa kavu kabla ya kuipima, huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.