Ukoo Mzima Kisiwani: Maswali ya Wasomaji

Shule zikikaribia kufungwa, barua za Nairobi huwa ni za pwani. Safari hii wengi wenu hamkuuliza hoteli ipi ni nzuri. Mmeuliza namna ya kufika kisiwani na wazee, watoto wachanga na mashangazi, bila mtu kurudi amechoka kuliko alivyoondoka.

SWALI: Tuko watu 16 na tumeamua kwenda Lamu siku 7 mwezi wa Desemba. Nyanya yetu ana miaka 79 na magoti yanamsumbua. Mdogo kabisa ana miezi 8. Binamu zangu wameshaanza kutafuta tiketi. Tuanzie wapi?
Msomaji, Umoja

JIBU: Waambie binamu zako wangoje kidogo. Anzeni na nyumba, na nyumba yenyewe ichaguliwe kwa magoti ya nyanya. Aliye dhaifu kuliko wote akipata pa kulala na pa kukaa vizuri, hao wengine 15 hawatakosa nafasi. Mkianza na vijana wanaotaka vyumba vya juu vyenye upepo, nyanya atashinda chumbani siku zote 7.

Mji wa Lamu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, una nyumba za mawe zilizojengwa kwenda juu. Ukiingia unapita daka, yaani kibaraza cha mlangoni chenye mabaraza ya kukaa, unatokea kiwandani, yaani uani ndani ya nyumba, halafu ngazi zinaanza: nyembamba, vidato virefu, na mara nyingi hakuna cha kushikilia. Upepo mzuri uko juu, kwa hiyo picha mtakazotumiwa zitakuwa za huko juu. Mwombeni mwenye nyumba apige simu ya video akiwa anatembea, kuanzia mlango wa nje. Aonyeshe chumba cha kulala cha chini, na choo kilicho kwenye sakafu hiyohiyo, kama ni cha kukaa au cha kuchuchumaa. Aonyeshe na kitanda. Vitanda vya kale vya Lamu vina miguu mirefu, na mzee anayeamka usiku kwenda msalani anaweza kuanguka akishuka. Kama kitanda kinapita goti la mtu mzima, ombeni kingine, au godoro liwekwe kwenye kitanda kifupi kabla hamjafika.

Kisha afungue bomba la bafuni na la jikoni mkiona. Maji matamu ya kisiwa hiki yanatokana na mvua inayohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na wageni wakijaa bomba huwa dhaifu. Hesabuni lita 50 kwa mtu kwa siku: watu 16 ni lita 800. Tangi la lita 1,000 lazima lijazwe kila siku, basi ulizeni nani anawasha pampu na saa ngapi.

Kuhusu mtaa, mji wenyewe hauna ufuo wa kuogelea. Wenye watoto ni afadhali wakae Shela, kama kilomita 3 kutoka mjini, ambako ufuo una urefu wa kilomita 12 hivi. Watoto waogelee upande wa mwanzo karibu na kijiji, kwa sababu mbele ufuo unatazama bahari kuu na mkondo wake una nguvu.

Sasa tiketi. Ushauri wetu ni kuugawa msafara. Nyanya, mtoto mchanga na mama yake, pamoja na mtu mmoja mwenye nguvu, wapande ndege kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Ni mwendo wa saa moja na ushei. Ndege ndogo za pale nyingi huruhusu mzigo wa kilo 15 tu, tena begi laini, kwa hiyo mizigo mizito iende na wa barabarani. Ndege hutua kisiwa cha Manda, na hapo mnavuka kwa boti. Waliobaki wapande treni ya asubuhi kutoka Syokimau. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida hadi Mombasa ni shilingi 1,500, na watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Fikeni stesheni saa moja kabla, kwa maana mizigo hukaguliwa kwa mbwa kisha kwa mashine. Kisu cha jikoni kitazuiwa, na aliyekifunga ndani kabisa ya begi atawachelewesha wote. Msijaribu kufika Lamu siku hiyohiyo. Laleni Mombasa au Malindi, mwondoke alfajiri kupitia Garsen na Witu hadi gati la Mokowe upande wa bara, mfike mchana na kuvuka kwa boti, na kila mtu mzima awe na kitambulisho mkononi kwa sababu vizuizi vya polisi ni vingi.

Kisiwani hakuna teksi ya kuwafikisha mlangoni. Mizigo hubebwa na punda au mkokoteni, na sanduku la magurudumu halina kazi mchangani. Wafundisheni watoto mapema: wakisikia “simile!” nyuma yao vichochoroni, waegemee ukuta punda apite.

Jambo la mwisho ni boti. Maji yakiwa yamekupwa, ngazi za chini za gati hubaki wazi, zina ukijani na zinateleza. Maji yakijaa, boti huja juu karibu na sakafu ya gati na mzee anavuka kwa hatua moja. Mpigieni nahodha siku moja kabla, mwulizeni saa ya maji kujaa, na nyanya avushwe saa hiyo hata kama ni kungoja. Hesabuni majaketi ya kuokolea kabla ya kung'oa nanga. Ya watoto yawe ya watoto: jaketi la mtu mzima humteleza mtoto likatoka kichwani akiingia majini.

SWALI: Mwaka jana tulikodi nyumba Jambiani, Unguja. Siku ya kwanza tulipotoka kwenda kuogelea asubuhi, bahari ilikuwa imekwenda mbali, watoto wakalia. Je, tulidanganywa? Na tukirudi tuende upande gani?
Baba wa watatu, Lang'ata

JIBU: Hamkudanganywa, ndugu yetu. Mlifika siku za bamvua bila kuambiwa.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa sita kati ya kujaa na kupwa, na kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yaani siku za bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti ni ndogo. Katika pwani yetu bamvua ina saa zake: maji hukauka karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi jioni. Siku za maji mafu ni kinyume, asubuhi hiyohiyo ndipo yamejaa. Hapo ndipo wageni wa Nairobi wanapokosea, kwa sababu wanachagua tarehe kwa kuangalia kalenda ya shule bila kuuangalia mwezi.

Pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, ina uwanda mpana wa maji mafupi kabla ya kufika mwambani, ndiyo maana bahari huonekana imehama. Nungwi na Kendwa, kaskazini, kina kiko karibu na mtaogelea karibu saa zote. Lakini msiidharau Jambiani. Maji yakipwa, watoto wanaweza kutembea kwenye vidimbwi na kuwaona akina mama wa kijiji kwenye mashamba yao ya mwani. Wavae viatu vya plastiki vinavyofungwa, kwa sababu ya wale viumbe weusi wenye miiba mirefu. Mwiba ukiingia huvunjikia ndani ya unyayo. Tena warudi maji yanapoanza kujaa, wasingoje yawafike magotini. Kwenye uwanda wa namna hiyo maji hujaza mifereji nyuma yako kwanza.

Hati: Wakenya hatuhitaji viza kuingia Tanzania, lakini kila mtoto awe na pasipoti yake. Kila aliyezidi mwaka mmoja awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo anayekimbilia sindano wiki ya safari amechelewa. Kadi yenyewe sasa ni ya maisha, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka 10. Mtoto anayesafiri na shangazi bila wazazi abebe barua ya ruhusa ya wazazi wote wawili na nakala za vitambulisho vyao.

SWALI: Kaka yetu hajaoa na analalamika kulipishwa sawa na dada mwenye watoto watatu. Tuko watu wazima 10, watoto 6 na wazazi wetu wawili. Tugawanyeje bila kununiana?
Mweka hazina wa ukoo, Kasarani

JIBU: Kaka yenu ana haki. Gawanyeni kwa mafungu, msigawanye kwa familia. Mtu mzima ni fungu 1, mtoto wa miaka 3 hadi 12 ni nusu fungu, chini ya hapo hahesabiwi, na wazazi hawalipi. Gharama yao inabebwa na wote. Tuseme watoto wenu wote 6 wamepita miaka 3: mafungu ni 13. Kama nyumba, chakula, mpishi na boti jumla ni shilingi 182,000, fungu moja ni 14,000. Kaka analipa 14,000. Dada na mumewe na watoto watatu wana mafungu 3 na nusu, yaani 49,000. Ongezeni asilimia 10 kwa kila fungu iwe akiba ya dharura, na itakayobaki irudishwe kwa hesabu hiyohiyo. Nauli kila nyumba ijilipie, maana ndipo wanaotaka ndege na wanaotaka basi hugombana.

Pesa zikae kwa mtu mmoja, lakini ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo upelekwe kwenye kundi la ukoo siku hiyohiyo. Malalamiko mengi yanatokana na kunyamaza. Wizi ni nadra. Na msilipe nyumba yote mapema. Lipeni amana baada ya ile simu ya video, salio mkishafika na kufunguliwa mlango. Anayedai zote leo kwa sababu “kuna mteja mwingine”, mwachieni huyo mteja.

SWALI: Tukienda likizo ni sisi mabinti tunaopika kutwa. Tutoke vipi jikoni? Na watu 16 wanakula kiasi gani?
Mama Njiru

JIBU: Dada, kodisheni mpishi, na mshahara wake uingie kwenye mafungu tangu mwanzo, usiwe wa kuchangishana mkishafika. Nyumba nyingi za kukodi Lamu zina mtunza nyumba anayemjua mpishi. Kubalianeni mambo mawili kabla: anapika milo mingapi, na nani anaosha vyombo. Hilo la pili lisiposemwa, mtajikuta kwenye sinki saa nne usiku. Chakula cha kesho kiamuliwe leo jioni na pesa ya soko itolewe usiku, ili mpishi awahi samaki asubuhi.

Vipimo: samaki mzima kama changu au tafi, hesabuni gramu 350 kwa mtu, kwa sababu kichwa na miba huchukua karibu nusu, tuseme watu 16 mkiwamo na watoto 6, kilo 5 zinatosha. Nguru wa vipande, kilo 3 na nusu. Mchele kilo 2 kwa mlo mmoja. Maji ya kunywa na kupikia, lita 60 kwa siku, yaani mitungi 3 ya lita 20. Kwenye joto la Desemba yatakwisha.

Mkitaka kupika wali wa nazi wenyewe siku moja, kilo 2 za mchele ni kama vikombe 10, na nazi 5. Kuneni, kamueni tui zito vikombe 3 mliweke kando, kisha tui jepesi vikombe 12. Mchele uliorowekwa nusu saa upikwe kwa tui jepesi na chumvi. Likikaribia kukauka ndipo mwage tui zito, mgeuze mara moja kwa upole, mfunike na kupalia makaa juu ya kifuniko, moto wa chini uwe mdogo. Wengi humwaga tui zito mwanzoni. Wali huungua chini na juu ukabaki na kiini.

SWALI: Daktari wa mtaani ametuambia malaria ya pwani haiwasumbui Wakenya. Ni kweli?
Msomaji, Donholm

JIBU: Si kweli kwa mtu wa Nairobi. Huku juu malaria ni adimu, kwa hiyo mwili wako hauna kinga aliyo nayo aliyekulia inakoambukiza. Muulizeni daktari au mfamasia kuhusu dawa ya kukinga wiki mbili au tatu kabla, maana nyingine huanza siku 1 au 2 kabla ya safari na nyingine mapema zaidi, na zote huendelea baada ya kurudi, siku 7 au wiki 4 kutegemea aina. Doksisaiklini, mojawapo ya dawa hizo, si ya mjamzito wala mtoto chini ya miaka 8. Chandarua hakina mbadala kwa mtoto mchanga. Kichomekwe chini ya godoro kabla ya magharibi. Mkiwa na mzee wa kisukari, insulini isafiri kwenye chupa ya chai yenye barafu, imefungwa taulo isiguse barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka tena. Na yeyote atakayepata homa ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi apimwe siku hiyohiyo, na amwambie mhudumu kwamba alikuwa pwani.