Maswali na Majibu: Faiba Inayopima Kemikali na Bakteria

Msomaji wa Mbagala: Faiba inayotuletea intaneti inawezaje kupima kemikali kwenye maji?

Jibu: Uzi wa faiba ni kioo chenye kipenyo cha maikromita 125 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na mwanga husafiri katika kiini chake kwa kuakisiwa ndani kwa ndani, kwa sababu ganda linalokizunguka hupindisha mwanga kidogo kuliko kiini. Hata hivyo, sehemu ndogo ya mwanga huo huchungulia nje ya kiini. Ganda likiondolewa, au uzi ukipashwa moto na kuvutwa mpaka ukawa mwembamba zaidi, mwanga huo hukutana na maji yenyewe, na chochote kinachoufyonza au kuupindisha huacha alama inayosomwa kwenye kipokezi.

Mwanafunzi wa Ubungo: Uzi unajuaje kuwa umekutana na oksijeni na si kitu kingine?

Jibu: Uzi wenyewe haujui, kinachotambua ni tabaka la kemikali lililopakwa kwenye ncha, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuuliza maswali magumu kabla ya kununua kifaa chochote. Kwa oksijeni hutumika rangi zenye metali ya rutheni, ambazo zikimulikwa kwa mwanga wa buluu hung'aa kwa wekundu, na kadiri oksijeni inavyoongezeka ndivyo mng'ao unavyofifia. Wapimaji makini hupima muda ambao mng'ao unadumu kuliko ukali wake, kwa kuwa rangi huchakaa na taa hupungua nguvu, na upungufu huo ungeweza kudhaniwa kuwa ni oksijeni.

Msomaji wa Jangwani: Je, kifaa hiki kinaweza kutambua kipindupindu katika Mto Msimbazi?

Jibu: Kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, zinazonasa bakteria wa kipindupindu zinaweza kubandikwa juu ya kioo, na kunaswa kwao hubadilisha mwanga. Ugumu uko mtoni: tope na utelezi wa vijidudu hufunika ncha, vitu vingine hung'ang'ania kioo bila kualikwa, na kingamwili hunasa bakteria aliyekufa sawa na aliye hai. Ndiyo maana ningetaka kifaa kijaribiwe kwa maji ya Msimbazi yenyewe, si maji safi ya maabara tu, na sampuli ziendelee kuoteshwa maabara ili ijulikane kama bakteria wako hai.

Msomaji wa Kigamboni: Kuna faida gani karibu na matangi ya mafuta?

Jibu: Ncha ya kupimia haihitaji umeme, hivyo hatari ya cheche hupungua sana, na mota kubwa za jirani hazivurugi kipimo, kwa kuwa kinachosafiri ndani ya uzi ni mwanga, si umeme.