Tarehe 20 Aprili si yako

Mwalimu mwenzangu, umeuliza uanzie wapi kupanga miezi ya mwisho ya darasa lako la kwanza la diploma ya IB (International Baccalaureate, mpango wa kimataifa wa masomo ya kabla ya chuo kikuu). Anzia mwisho, kisha urudi nyuma. Kwa shule zinazofanya mitihani ya Mei, alama za kazi za ndani, yaani zile anazosahihisha mwalimu mwenyewe shuleni, na makadirio ya alama za mwisho hutakiwa kufika IB ifikapo tarehe 20 Aprili, lakini siku hiyo ni ya mratibu wa IB wa shule. Yako ataiweka mapema zaidi, pengine mwishoni mwa Februari, kwa kuwa walimu wanaofundisha somo moja hulazimika kwanza kulinganisha usahihishaji wao ili kipimo kiwe kimoja, ndipo sampuli za kazi za wanafunzi zipakiwe mtandaoni ili IB ihakiki usahihishaji. Hapo ndipo muda hupotea. Mimi huandika pembeni mwa kila kazi sababu ya alama siku ileile ninayosahihisha, maana Aprili huwa nimeshasahau. Insha ndefu, ile ya utafiti wa mwanafunzi mwenyewe isiyozidi maneno 4,000, hakikisha rasimu yake imekamilika kabla ya likizo ya Desemba. Matokeo hutoka mwanzoni mwa Julai, wakati wengi wetu, kusema kweli, tumeshasafiri.