Miaka minne ya kitufe kimoja

Mhariri mmeuliza wiki hii kufanya kazi kwa kampuni kubwa ya IT kuna uzuri gani na ubaya gani. Mimi nilikaa kwa moja Nairobi miaka minne, jina naliacha, saa hii nimerudi Kisumu, kwa hivyo haya ni yangu tu.

Pesa kwanza, tusijifanye. Kila tarehe 25 simu inalia ujumbe wa benki, kampuni iwe imeuza ama haijauza. Kabla ya hapo nilikuwa natengenezea watu wa hapa town websaiti, kulipwa ni kufukuzana, "kesho kijana wangu", na hiyo kesho inachukua wiki tatu. Ni kweli ukiona payslip unataka kulia, kodi ya PAYE hapo, akiba ya uzeeni NSSF hapo, bima ya afya SHIF asilimia 2.75, ya nyumba 1.5, lakini kilichobaki kinafika. Na bima jamani, mke wangu alijifungua kwa upasuaji na mimi kazi yangu ilikuwa kuweka saini nibebe mtoto twende.

Kitu kingine ni kusomewa kazi. Zamani nilikuwa nabadilisha programu ya mteja moja kwa moja kwa seva yake, ile kompyuta inayoiendesha, saa sita usiku, nikiomba Mungu. Kule haiendi popote mpaka watu wawili waisome mstari kwa mstari wakuulize kwa nini hii, kwa nini ile. Miezi ya kwanza niliona wananidharau, nilikuwa nakasirika mpaka sili lunch, baadaye nikajua ndiyo shule yenyewe na hakuna ada.

Sasa kile hawakuambii kwa intavyuu. Timu yetu tulikuwa watu tisa tunachunga ukurasa mmoja, ule mteja anathibitisha malipo, na mimi kazi yangu ilikuwa kitufe cha LIPA. Usicheke. Mtu akibonyeza, netiweki ikwame, abonyeze tena, usimkate pesa mara mbili, kwa hivyo kila malipo unayapa namba yake, na namba ileile ikirudi seva inajua hii tayari nimeifanya, inarudisha jibu la kwanza tu. Hiyo naijua hata nikiwa usingizini. Lakini databesi ina wenyewe, seva zina wenyewe, usalama una wenyewe, ukitaka kuongeza kitu kidogo unafungua tiketi ya kuwaomba unangoja, kuna siku nilingoja siku kumi na moja kwa kazi ya dakika tano, na katikati ni mikutano, mingine ya kupanga mikutano.

Na usidhani ukubwa ni usalama. Januari 2023 Microsoft walitangaza wanapunguza watu 10,000, siku mbili baadaye Google wakasema 12,000. Kwetu meneja akatuita akasema sisi ni familia. Mwaka uliofuata nikaitwa kikao cha dakika kumi na tano, familia ikaisha. Angalau walifuata sheria, notisi ya mwezi na malipo ya siku 15 kwa kila mwaka niliofanya, laptop wakachukua.

Nikarudi nyumbani. Anti yangu ana hadiwea pale soko la Kibuye, akaniambia nyathina, yaani mwanangu, si wewe ni injinia, nitengenezee kitu cha kuhesabu mali na malipo ya M-Pesa. Nikakaa na mashine ya kuazima siku mbili. Kusema ukweli sikujua hata naanzia wapi kuweka seva. Ikabidi niite jamaa tuliyesoma naye, yuko Kondele, hajawahi kuajiriwa na yeyote, yeye hutengeneza kila kitu kuanzia printa. Wikendi moja ameiweka, na akaifanya ifanye kazi hata intaneti ikipotea, ikirudi inatuma yenyewe, maana anajua stima za hapa. Nikakaa kando namuuliza maswali kama mtoto wa form one.

Halafu wiki ya pili malipo yakaanza kuingia mara mbili, misumari ya mtu mmoja imeandikwa ni ya wawili, jamaa akakuna kichwa mpaka jioni. Hiyo nikaimaliza kabla chai haijapoa.

Kwa hivyo wale wa chuo cha Maseno mnaomaliza mwaka huu mkiitwa Nairobi nendeni, mimi ningeenda tena, ila uliza kwa intavyuu baada ya mwaka unaweza kuhama timu gani, na wakianza kuzungukazunguka na hilo jibu jua umepewa kitufe. Saa hii mimi na jamaa tunafanya pamoja, tuna maduka matatu. Anti bado hajatulipa, anasema kesho.