Kwa Dooky Chase, onja kabla ya kushika chupa ya pilipili

Kila ndugu anayenitembelea hapa Houston namwambia: tukipata siku mbili, twende New Orleans tukale kwa Dooky Chase, mgahawa wa familia ya Chase. Ni mwendo wa saa tano na ushei kwa gari.

Ukiweza, iwe Alhamisi Kuu, ile ya kabla ya Pasaka. Ndiyo siku pekee kwa mwaka wanapopika gumbo z'herbes, mchuzi mzito wa mboga za majani, kwa hiyo weka nafasi mapema sana. Bi Leah Chase, aliyeshika jiko lile kwa miongo mingi hadi alipofariki mwaka 2019 akiwa na miaka 96, alitia aina tisa za majani: haradali, spinachi, kabichi, hata majani ya karoti. Hesabu lazima iwe witiri, ikiwa shufwa ni nuksi. Na kila aina ya jani, wanasema, ni rafiki mpya utakayempata mwaka huo.

Bakuli langu lilitanguliwa na harufu ya soseji za moshi. Rangi ilikuwa kijani kilichokaribia weusi, kama kisamvu kilicholala jikoni, na wali mweupe umezama katikati. Nilimkumbuka bibi yangu wa Muheza. Neno gumbo lenyewe asili yake ni jina la bamia katika lugha za Kibantu za upande wa Angola, ingawa huu wa Alhamisi hauna bamia.

Tafadhali, onja kwanza. Barack Obama alipomimina pilipili ya chupa kabla ya kuonja, Bi Leah alimgombeza palepale. Nasema alistahili. Mtu amechambua majani tangu jana, mpe heshima ya kijiko kimoja.

Halafu usikimbilie kuondoka. Zunguka utazame picha za wasanii weusi ukutani. Mgahawa ulifunguliwa 1941, enzi za sheria zilizokataza weusi na weupe kula pamoja. Lakini katika chumba cha ghorofani walikaa pamoja, wakila gumbo na kupanga mapambano ya haki. Martin Luther King naye alipita hapo. Mafuriko ya kimbunga Katrina yaliingia ndani 2005, na familia ikafungua tena milango 2007.

Asubuhi kunywa chai kavu tu, kwa sababu baada ya gumbo bado kuna kuku wa kukaanga.