Kwa mnaoanza kazi na Arabidopsis: chungeni mbegu

Wadogo zangu mnaoingia maabara ya mimea, wengi mnategemea kukuta mahindi au muhogo, halafu mnaoneshwa trei ya vijani vilivyojipanga duara, vimelala juu ya udongo. Huo ndio Arabidopsis thaliana, ndugu wa sukuma wiki, kabichi na haradali. Hakuna anayeulima kwa ajili ya chakula. Lakini ndio mmea wa kwanza duniani kusomwa jenomu yake, yaani DNA yake yote, kazi iliyochapishwa Desemba 2000: jozi tano tu za kromosomu, jeni takriban 27,000, na kutoka mbegu hadi mbegu ni kama wiki sita hadi nane. Wala si mgeni kwetu. Unaota wenyewe kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki, Kilimanjaro na Elgon ikiwemo.

Ninachowaomba mkishike kabla ya mashine yoyote ni mbegu. Moja ina urefu wa nusu milimita hivi, na gramu moja hubeba mbegu kama 50,000. Inanata kwenye glovu, inaruka kwenye plastiki, inajificha kwenye mkunjo wa karatasi. Ua la mmea huu hujichavusha lenyewe, mara nyingi kabla halijachanua vizuri, kwa hiyo ukoo, yaani mbegu zote za asili moja, hubaki safi kizazi hadi kizazi. Ukiona umechanganyika, chunguza kwanza mikono iliyovuna. Weka mezani ukoo mmoja kwa wakati mmoja. Ukimaliza, tupa karatasi, futa meza, ndipo ufungue bahasha nyingine. Lebo iandikwe kwa penseli, maana wino wa kalamu nyingi za maabara hufutika kwa etanoli. Andika jina la ukoo, mmea mzazi na tarehe ya kuvuna.

Halafu panda mmea wa kawaida, kwa mfano aina iitwayo Col-0, kwenye trei ileile na mutanti wako, yaani mmea wenye jeni iliyobadilika, kwa mbegu zilizovunwa wakati mmoja. Mbegu za umri tofauti huota tofauti, na hapo utalinganisha uzee wa mbegu ukidhani unalinganisha jeni.

Usiruke friji. Mbegu zilizoloweshwa zikae gizani kwenye nyuzi 4 za Selsiasi kwa siku mbili hadi nne, ili ziote kwa pamoja.

Maji nayo yana wenyewe. Miche michanga ifunikwe isikauke, lakini ikishakua acha udongo wa juu ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena. Udongo unaolowa muda wote huita vile vijinzi vyeusi vinavyotaga humo, na mabuu yake hutafuna mizizi.

Kuchavusha kwa mkono, ili kuzalisha mimea miwili tofauti pamoja, ndiko ninakokupenda kuliko yote. Chagua kitumba ambacho petali zake nyeupe ndiyo kwanza zinachungulia. Chini ya hadubini, kwa kibano chenye ncha kali, fungua taratibu utoe stameni (sehemu za kiume) zote sita, nne ndefu na mbili fupi, bila kuugusa pistili (sehemu ya kike) katikati. Ukikuta stameni zimeshatoa unga wa manjano, yaani chavua, umechelewa. Acha ua hilo. Kisha paka chavua ya mmea uliouchagua kuwa baba kwenye ncha ya pistili, funga uzi wa rangi kwenye kikonyo, uandike. Kishikilie kibano kama penseli, na uegemeze kiwiko mezani ili mkono usitetemeke.

Mwisho, hesabu. Mmea wenye nakala moja ya jeni iliyoharibika, ukijichavusha, robo ya watoto wake ndio huonesha sifa iliyofichika. Kati ya miche 60, tegemea karibu 15. Ukipata mmoja tu, pima DNA yake kwanza, halafu rudi kwenye bahasha ilikotoka mbegu, kabla hujamwambia msimamizi wako kwamba umepata jambo jipya.